Dramu ya Breki Ikikataa Kuingia, Usiilazimishe

Somo la usalama barabarani kwa wenye magari, madereva na mafundi wa Kaunti ya Kajiado

Mkazi wa Kajiado, ukipita kando ya barabara ya Namanga kuanzia Kitengela hadi Isinya, hutakosa kuona gari lililonyanyuliwa kwa jeki nje ya gereji, gurudumu la nyuma likiwa limetolewa. Mara nyingi kazi inayofanywa hapo ni kubadilisha brekishuu. Ni kazi ya kawaida, na fundi mzoefu huimaliza haraka. Lakini kuna shida moja inayojirudia: brekishuu mpya zimefungwa, kisha dramu inakataa kurudi mahali pake. Au inaingia kwa kupigwa nyundo, na gurudumu halizunguki tena kwa urahisi.

Somo hili linaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, jinsi ya kutafuta chanzo chake kwa utaratibu, na kwa nini njia za mkato zinaweza kugharimu maisha.

Mfano wa kufuata

Tuutumie mfano huu, ambao tumeutunga kwa ajili ya somo. Mama mmoja wa Kitengela ana Toyota Probox ya kubebea mboga. Jumamosi anatarajiwa kupeleka mzigo Magadi, kupitia Isinya na Kiserian. Siku ya Alhamisi anapeleka gari gereji libadilishwe brekishuu za nyuma. Upande wa kulia unamalizika salama. Upande wa kushoto, dramu inafika nusu na kukwama.

"Fundi, mbona haiingii?" anauliza.

"Hizi brekishuu ni nene kidogo, mama. Nitazipunguza na grainda, dakika tano tu."

Je, mama akubali? Tutarudi kwa swali hilo baada ya kuelewa kilicho ndani ya dramu.

Kilicho ndani ya dramu

Magari mengi madogo tunayotumia, kama vile Probox na Vitz, pamoja na matatu nyingi za aina ya Toyota HiAce, yana breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Dramu ni kama sufuria ya chuma iliyofunikwa juu ya habu, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna brekishuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Zimefungwa kwenye bamba lisilozunguka, na kila moja imebandikwa lainingi, yaani ule utando mgumu unaosugua dramu.

Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni mbili za silinda ndogo iliyo juu ya bamba. Pistoni hizo hutanua brekishuu hadi ziguse dramu. Ukiachilia, springi huzirudisha ndani. Ukivuta breki ya mkono, kebo huvuta leva iliyoshikanishwa na brekishuu moja, nayo huzitanua zote mbili bila kutumia mafuta.

Katikati ya brekishuu kuna adjasta, kijiti chenye nyuzi za skrubu na gurudumu dogo la meno. Kadiri lainingi inavyoisha, adjasta hurefuka ili pengo kati ya brekishuu na dramu libaki dogo. Hapa ndipo penye chanzo cha kawaida zaidi cha shida yetu: lainingi za zamani zilikuwa zimeisha na adjasta ikawa imerefuka. Ukifunga lainingi mpya bila kuirudisha adjasta ndani, brekishuu zitakuwa zimetanuka kupita upana wa dramu, nayo haitaingia.

Kabla ya kuanza

Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Udongo mweusi wa Kitengela, hasa baada ya mvua, humeza jeki. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu kazi hii inahitaji breki ya mkono iachiliwe. Kisha likalishe gari juu ya stendi imara. Mtu asiingize mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lainingi za zamani na zingine zisizojulikana zinakotoka huenda zina asbestosi, ambayo husababisha ugonjwa wa mapafu na saratani. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, na watoto wakae mbali.

Fungua upande mmoja kwa wakati mmoja. Upande ambao haujaguswa ndio kitabu chako, kwani utaonyesha kila springi ilikaa wapi. Piga pia picha kwa simu kabla ya kutoa chochote.

Majaribio mawili yanayogawanya shida

Dramu ikikataa, fundi asiye na utaratibu hubahatisha: hupiga nyundo, huvuta springi, hunoa lainingi. Fundi mwenye utaratibu hujiuliza kwanza: shida iko kwenye vifaa, au iko kwenye ufungaji? Majaribio mawili hutoa jibu.

Jaribio la kwanza: toa brekishuu, kisha weka dramu peke yake kwenye habu. Inapaswa kuingia hadi mwisho kwa mkono, ikae sawasawa kwenye uso wa habu, na izunguke bila kukwaruza bamba. Ikishindwa hata hapa, brekishuu hazina hatia. Angalia mambo matatu. Je, kuna kutu au matope makavu kwenye uso wa habu na kwenye tundu la katikati la dramu? Sugua kwa brashi ya waya. Je, matundu ya stadi yanalingana? Je, kina cha dramu ni sawa na cha ile ya zamani? Dramu yenye kina kisicho sahihi hugusa bamba au huacha pengo, hata kama upana wake ni ule ule.

Jaribio la pili: chukua brekishuu mpya moja mkononi na uilaze ndani ya dramu. Lainingi inapaswa kulala sambamba na ukuta wa dramu. Ikigusa ncha mbili tu na kuacha nafasi kubwa katikati, au ikigusa katikati tu huku ncha zikiwa hewani, mviringo wake ni wa dramu nyingine. Kisha iweke kando ya brekishuu ya zamani. Linganisha upana, urefu wa lainingi, unene wa chuma, na kila tundu. Tofauti ndogo ya tundu la springi ni sababu tosha ya kuirudisha dukani.

Usitegemee jina la gari peke yake unaponunua. Gari la jina moja linaweza kutoka kiwandani na ukubwa tofauti wa dramu, kutegemea mwaka, injini na uzito linaobeba. Zipo dramu za upana wa milimita 200, na zipo za inchi 9, yaani milimita 228.6. Ukienda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, au kwenye duka la spea hapa mjini, beba brekishuu ya zamani na namba ya chasisi ya gari lako.

Ikiwa dramu imepita jaribio la kwanza na brekishuu zimepita la pili, vifaa ni sahihi. Shida iko kwenye ufungaji.

Makosa ya ufungaji, kuanzia jepesi

1. Breki ya mkono haijaachiliwa kikamilifu. Hakikisha iko chini kabisa. Ikiwa kebo ilikazwa zamani ili kufidia lainingi zilizoisha, italazimika kulegezwa.

2. Adjasta haijarudishwa. Izungushe hadi iwe fupi kabisa kabla ya kuifunga. Ikiwa nyuzi zake zimeshikwa na kutu, isafishe na uipake grisi kidogo ya joto kali.

3. Leva ya breki ya mkono imekaa upande usiofaa. Leva ina kishikizo kidogo kinachopaswa kuegemea ukingo wa brekishuu. Wakati wa kufunga, ni rahisi kishikizo hicho kupanda juu ya ukingo. Hapo brekishuu hubaki imetanuka kana kwamba breki ya mkono imevutwa nusu, ingawa mkono wenyewe uko chini.

4. Brekishuu haijakaa kwenye mfereji wa pistoni, au haijalala bapa juu ya bamba. Itazame kwa upande, kwa kuwa iliyoinama itakwama kwenye mdomo wa dramu.

5. Pistoni za silinda zimetoka nje. Hili hutokea mtu akikanyaga pedali wakati dramu imetolewa. Zirudishe taratibu kwa mkono, ukitazama chombo cha mafuta ya breki kisifurike, kwa maana mafuta hayo hula rangi ya gari. Ukiona unyevu chini ya kifuniko cha mpira cha silinda, silinda inavuja na lazima irekebishwe au ibadilishwe.

6. Adjasta za kulia na kushoto zimebadilishana. Katika magari mengi nyuzi zake huelekea pande tofauti. Ikifungwa upande usio wake, dramu inaweza kuingia bila shida, lakini adjasta haitajirekebisha inavyopaswa, na pedali itaendelea kushuka kadiri lainingi zinavyoisha.

Kuna pia mdomo wa dramu. Dramu iliyotumika miaka mingi huchimbika pale lainingi inaposugua na kuacha ukingo uliosimama nje. Ukingo huo unaweza kuzuia brekishuu mpya zisipite, na hata kuzuia dramu isitoke. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi kwa ajili hiyo: kaza boliti mbili humo kwa zamu, nazo zitaisukuma nje bila nyundo.

Kumbuka hoja hii: dramu iliyotumika hupanuka ndani, haipungui. Kwa hiyo dramu ya zamani ikibana brekishuu mpya zilizo sahihi, na adjasta ni fupi kabisa, tafuta kosa kwenye ukingo, leva au pistoni. Kunoa lainingi hakutaondoa chanzo hicho.

Dramu ina kikomo cha upana, ambacho kwa kawaida huwa kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Inaweza kuskimuliwa kwa mashine ikiwa itabaki ndani ya kikomo hicho. Ikipita, ni ya kutupwa.

Mama wa Probox alisema nini?

Turudi kwa mfano wetu. Mama hakukubali grainda. Alisema, "Fundi, naomba kwanza tuijaribu dramu bila brekishuu." Ikaingia kwa mkono na kukaa sawasawa. Wakalaza brekishuu mpya ndani yake: ikalala vizuri, tena ilikuwa sawa na ya zamani kwa kila kipimo. Vifaa vilikuwa sahihi. Fundi akaanza kupitia ufungaji. Breki ya mkono ilikuwa chini, adjasta ilikuwa fupi. Alipofika kwenye leva akacheka: kishikizo kilikuwa kimepanda juu ya ukingo wa brekishuu. Akakirudisha kwa bisibisi. Dramu ikaingia kwa mkono mmoja.

Sasa fikiria kama lainingi zingenolewa. Dramu ingeingia, pesa zingelipwa, na leva ingebaki palepale. Gurudumu la kushoto lingekuwa likisuguliwa njia yote.

Kwa nini ni jambo la maisha

Kutoka Corner Baridi hadi Magadi barabara hushuka zaidi ya mita 1,000. Kwenye mteremko kama huo breki hugeuza mwendo kuwa joto. Brekishuu inayosugua muda wote huanza mteremko ikiwa tayari ina moto. Dramu ikipata joto hutanuka na kwenda mbali na lainingi, hivyo pedali hushuka zaidi. Lainingi nazo hupoteza uwezo wa kushika.

Baya zaidi ni mafuta ya breki kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi sakafuni, na gari haliitikii.

Watu wengi huchelewa kugundua ubovu wa breki za nyuma kwa sababu gari likiwa tupu breki za mbele ndizo hufanya kazi kubwa. Shida hujitokeza gari likipakiwa: matatu iliyojaa, au Probox yenye magunia nyuma. Tena, upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari huvutwa upande, na kwenye barabara iliyolowa mkia unaweza kuteleza.

Kumalizia kazi vizuri

Dramu ikishaingia, kazi bado. Refusha adjasta hadi gurudumu lizunguke kwa mkono huku ukisikia mguso mwepesi tu wa lainingi. Kanyaga pedali mara kadhaa ili brekishuu zijipange katikati, kisha zungusha tena. Pande zote mbili zifanane.

Baada ya hapo ndipo urekebishe kebo ya breki ya mkono. Kwa magari madogo mengi inapaswa kushika kati ya mibofyo 5 na 9. Kukaza kebo ili kuficha adjasta iliyolegea ni kosa.

Ikiwa mfumo wa mafuta ulifunguliwa, toa hewa yote na uongeze mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo. Usiweke oili ya injini wala dizeli, kwani huharibu mipira yote ya breki. Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe, na yasimwagwe kwenye mtaro.

Jaribu gari kwa mwendo wa pole mahali pasipo na watu. Kisha endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, na usogeze kiganja karibu na kila gurudumu la nyuma bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko lingine, linasugua. Rudi gereji. Kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Wakazi wa mitaa yenye barabara za vumbi na matope wafungue dramu mapema zaidi kuliko kitabu cha gari kinavyosema, kwa sababu vumbi na udongo huingia ndani na kula lainingi na dramu.

Haki na wajibu wako

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote zitunzwe katika hali isiyohatarisha mtu barabarani. Wajibu huo haumalizikii kwa fundi. Mwenye gari na dereva nao wanabanwa. Magari ya uchukuzi wa umma hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, lakini ukaguzi wa siku moja hauwezi kulinda breki kwa siku 365.

Kwa upande mwingine, kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora ufaao, pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Kwa hiyo una haki ya kumwomba fundi mambo manne: akuonyeshe brekishuu za zamani kando ya mpya, akuonyeshe kikomo cha dramu, akuzungushie gurudumu kwa mkono ukiwepo, na akupe risiti ya spea. Fundi mzuri hatakasirika. Atajua unaithamini kazi yake.

Nanyi mafundi wetu wa jua kali, ujuzi wenu ni mali ya kaunti hii. Anayetaka uthibitisho wa ujuzi alioupata kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la 3 hadi la 1. Vijana wanaotaka kuanza wanaweza kuuliza kuhusu mafunzo ya magari katika vyuo vya ufundi vya kaunti.

Kwa ufupi

Dramu ikikataa kuingia, weka nyundo chini. Ijaribu bila brekishuu. Laza brekishuu ndani yake. Kisha pitia breki ya mkono, adjasta, leva, mkao wa brekishuu na pistoni, moja baada ya nyingine. Usinoe lainingi na usiache kifaa chochote nje. Gari lisirudi barabarani mpaka kila gurudumu lizunguke huru na lisimame unapolitaka lisimame.